Kigugumizi cha King'ora

Msambweni nzima ilikuwa na deni la siku moja kwa Mungu, na ilikuwa imekwisha kuamua ni nani wa kulaumiwa. Huyo wa kulaumiwa alikuwa amekaa kwenye benchi ndani ya chumba cha mahabusu, mikono katikati ya magoti, akivitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ameviazima. Jina lake Ngala, Mduruma wa upande wa Kinango, na kazi yake ilikuwa kukizungusha king'ora cha zimamoto katika kiwanda cha mafuta ya nazi.

Sajini Matano Boga wa upelelezi alivuta kigoda akakaa mbele yake. Alikuwa amefunga, midomo imemkauka, wala hakuwa na subira ya maneno mengi.

"Nieleze tena. Tangu mwanzo."

"Nimekwisha kueleza, Bwana Sajini. Waliniuliza jana na juzi."

"Mimi sikuwako. Nieleze mimi."

Ni kweli hakuwako. Siku ya moto alikuwa Kibuyuni kwa shughuli zake mwenyewe, na aliporudi alikuta mambo yamekwisha kuharibika na kila mtu ana hadithi yake. Aliloweza kulikusanya lilikuwa hili. Kila Ramadhani kiwanda huuazima mji king'ora chake. Magharibi ikiingia, Ngala hukizungusha mara moja, mlio mmoja mrefu, Maalim wa msikitini akiusikia huadhini, na watu wakafuturu. Mwaka huo wa hamsini na tano mwezi uliangukia katikati ya masika, mbingu imefunga kutwa, hata jogoo walikuwa wanawika kwa kubahatisha. Nani angelitafuta jua na king'ora kipo? Basi siku ile king'ora kililia, Maalim akaadhini, wafanyakazi wakatoka kiwandani mbio kwenda kula, na mji mzima ukatia tende mdomoni. Hata uji haujapoa, wingu la magharibi likapasuka. Jua hilo, limekaa juu ya minazi, zima, linawatazama.

Watu walikuwa bado wanamlaani Ngala wakati king'ora kilipolia mara ya pili. Wakacheka kwa hasira. Sasa ndiyo anakumbuka, walisema, anatulipa futari kwa awamu. Hakuinuka hata mmoja. Mpaka walipouona moshi, moto ulikuwa umekwisha kushika paa la ghala la mbata, zile nazi kavu za kukamuliwa mafuta, na ndani ya ghala Shutu, mlinzi wa mchana, alikuwa amekwisha kufa. Mlango ulikuwa umefungwa komeo kwa nje.

Mkuu wa polisi wa Kwale, Mwingereza asiyependa kesi ndefu, alikwisha kuamuru Ngala apelekwe Mombasa kesho yake asubuhi kusomewa shtaka la kuua. Adhabu ya shtaka hilo ilikuwa moja tu, na Ngala aliijua.

"Uligombana na Shutu," Matano alisema.

"Kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi wake alikula mahindi yangu. Ndiyo nimchome moto?"

"Watu wameuana kwa kidogo kuliko hicho. Komeo ulilitia wewe?"

"Komeo hulitia anayetoka mwisho. Siku ile walitoka kwa kusukumana, aliyekuwa wa mwisho hata mwenyewe hajijui. Mimi sikujua kama Shutu yumo ndani. Alikuwa na homa tangu asubuhi. Nadhani aliingia kujilaza juu ya magunia, apate joto."

"Na king'ora cha kwanza?"

"Sikukigusa. Nilikuwa nyuma kwenye pampu, nateka maji. Nilikisikia kama walivyokisikia wao. Nikasema, ni nani huyo aliyeshika king'ora changu? Nikaja mbio. Nakuta kibanda kimefungwa, kufuli liko pale pale, na ufunguo ninao mimi, shingoni."

"Kimelia ndani ya kibanda kilichofungwa."

"Nilikisikia, Bwana Sajini."

"Na unataka hakimu ayaamini hayo."

Ngala aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Hakimu simjui. Nataka wewe uyaamini. Wewe unakijua king'ora kile. Ulikuwa ukija kukisikiliza wewe na rafiki yako."

Lilikuwa kweli, na mbele ya askari wengine lilikuwa jambo la kumtia haya. Wako watu wanaopenda taarabu mpaka wakasahau kula. Matano alipenda ving'ora vya zimamoto. Ugonjwa huo aliupata Mombasa akiwa askari mchanga, alipopewa lindo jirani na kituo cha zimamoto, na huko akakutana na mgonjwa mwenziwe, Abdurahman Kibwana, dereva wa gari la sinema. Hilo ni lile gari lenye vipaza sauti vikubwa juu, linalozunguka pwani ya kusini kuwaonesha watu picha za kilimo bora na za kunawa mikono. Abdurahman alikuwa na mashine ya kunasa sauti, ya kutia funguo kama saa, yenye mkanda wa kuning'iniza begani. Alikuwa amenasa kengele za shaba, ving'ora vya bandarini, filimbi za viwanda. Jumapili wawili hao walikaa barazani kwake Galu wakisikiliza, mmoja akimwambia mwenziwe, hebu rudisha hapo kinapopanda. Majirani walipita wakitikisa vichwa.

Sheria ya Abdurahman ilikuwa moja, sauti iwe ya kweli. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya sinema alizidharau. Hata milio ya majaribio aliivumilia tu. "Ni kilio cha mtu aliyekodiwa matangani," alikuwa akisema. Matano alimpenda kwa ukali huo. Hakuwa na rafiki mwingine wa kiasi hicho duniani.

"Kuna ufunguo wa pili?" alimwuliza Ngala.

"Anao fundi. Mangi."

Mangi, fundi mitambo wa kiwanda, alikuwa mtu mnene mwenye uso wa furaha, na furaha hiyo ilipungua kidogo alipomwona Matano akiingia karakana.

"Bado mnanichukia, wewe na rafiki yako, kwa lile gurudumu la king'ora?" aliuliza kabla ya salamu.

"Gurudumu tumekusamehe. Nimekuja kwa ajili ya ufunguo."

Mangi aliutoa mfukoni na kuuweka juu ya meza bila kuambiwa. "Nilijua mtafika huku. Ufunguo ninao mimi, Shutu hakuwa adui yangu, na siku ile nilikuwa kwa Bi Mwanapili."

"Unafanya nini?"

"Nakula."

"Wewe hufungi."

"Sifungi, lakini tumbo langu linaijua Ramadhani kuliko la Maalim. Kaimati za yule mama mwezi mwingine huzipati. Nilikaa na sahani mbele yangu, nangoja wenzangu wafuturu ndipo niguse. Adabu ninayo, Sajini. Kilipolia nilikuwa natazamana na kaimati."

"Kilipolia cha kwanza?"

"Cha kwanza. Mwulize mwenyewe. Wote waliokuwako waulize."

Matano alitamani awe Mangi. Ingekuwa nyepesi sana, ufunguo mmoja, mtu mmoja, na Ngala akalale kwao. Alitoka akaenda kwa Bi Mwanapili akiwa na tumaini dogo kwamba fundi amedanganya.

Bi Mwanapili aliuza futari ukumbini mwa nyumba yake, karibu na njia panda ya kwenda hospitali. Alikuwa anakanda unga, mikono nyeupe mpaka vifundoni.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Saumu yakwendaje?"

"Alhamdulillahi, inakwenda. Nimekuja kukuuliza habari za Mangi."

"Alikuwa hapa," alisema mama yule bila kuinua kichwa. "Amekaa pale ulipokanyaga. Kabla ya king'ora, wakati wa king'ora, na baada yake, maana wenzake waliposhindwa kumeza kwa aibu, yeye ndiye aliyemaliza sahani zao."

Tumaini dogo likazimika. Matano aliaga, akageuka, halafu akakumbuka kwamba katika watu wote waliohojiwa hakuna aliyeulizwa swali ambalo yeye na Abdurahman wangeuliza kwanza.

"Bi Mwanapili, kililiaje?"

"Kililia kama kinavyolia."

"Niigizie."

"Mtu mzima mimi niigize king'ora? Tena nimefunga?"

"Kuna mtu atanyongwa, mama."

Bi Mwanapili aliacha kukanda. Alitazama nje kuhakikisha hakuna anayepita, akajikohoza, akafumba macho. "Uuuuu," alianza, sauti ikipanda polepole, halafu ikakwama kooni, "kku, kku," kisha ikaendelea kupanda, "uuuuuuu."

Matano alisogea karibu. "Hapo katikati. Rudia."

"Kku, kku. Kile kigugumizi chake. Nikasema moyoni, alaa, kimeharibika tena, na mwezi wote kilikuwa kinalia vizuri."

"Na cha pili? Cha moto?"

"Cha pili kilikuwa laini. Kilipanda moja kwa moja, hakikukwama. Kwani ni vitu viwili mbali?"

Vilikuwa vitu viwili mbali, na tofauti yake aliijua Matano kama anavyojua sauti ya mama yake. Mwaka wa nyuma gurudumu la meno la king'ora kile lilikuwa na jino lililovunjika, na kila kilipopanda kiliruka hapo. Yeye na Abdurahman walikipenda king'ora kwa kigugumizi hicho hasa. Ramadhani iliyopita walikuja wakakinasa, Abdurahman anaendesha mashine, Matano ameshika maikrofoni kwa mikono miwili, hapumui. Kabla ya mwezi huu kuandama, Mangi alitia gurudumu jipya, na wale marafiki wawili wakaomboleza kama waliofiwa. King'ora cha mwaka huu hakikuweza kugugumia hata kwa kulazimishwa. Mlio ulioifuturisha Msambweni mchana ulikuwa wa mwaka jana.

"Kilitoka upande gani?" aliuliza, ingawa sasa alitaka kuondoka bila kujibiwa.

"Hilo nalo. Kilitokea upande wa skuli. Nikadhani ni upepo."

"Nyuma ya skuli siku ile kulikuwa na nini?"

"Kutakuwa na nini? Uwanja wa mpira. Na gari la sinema la yule rafiki yako, limekaa pale tangu adhuhuri. Wanangu walishangilia wakidhani usiku kuna picha. Wala hapakuwa na picha yoyote." Alimtazama. "Mwanangu, una homa? Kaa kidogo."

Matano hakukaa. Alirudi kiwandani, akamtaka Mangi afungue kibanda na kufunua kifuniko cha king'ora. Kukizungusha kwa nguvu hawakuthubutu. Mji ule ungewachoma wao sasa. Mangi alikisukuma kwa kidole, taratibu, mzunguko mzima, na meno yote yalikuwapo, yanang'aa kwa grisi, hakuna lililopungua.

"Ulitafuta nini?" Mangi aliuliza.

"Nilitafuta jino lililovunjika," Matano alisema. "Nilikuwa naomba liwepo."

Njia nzima ya kwenda Galu, ndani ya gari la polisi, konstebo Mwero akiendesha na kukwepa madimbwi, Matano alikuwa anapanga mambo. Kila alilolipanga lilimchoma. Nani aliyempeleka Kibuyuni siku ile? Ni Abdurahman, aliyemwambia kwamba wavuvi wa huko wana kengele ya moto iliyotoka katika meli iliyovunjika, ya shaba, nzito, haina mfano. Matano alikwenda, akauliza nyumba hata nyumba. Hakuna aliyeijua kengele hiyo, na watoto walimfuata wakimcheka. Alirudi akijicheka naye. Sasa alielewa. Katika Msambweni nzima mtu wa kukitambua kigugumizi kile papo hapo alikuwa mmoja, na huyo aliondolewa njiani kwa kuchezewa kitu anachokipenda.

Kulikuwa na jingine baya zaidi. Nani aliyemwambia Abdurahman kwamba king'ora cha futari kikilia kiwanda kizima hubaki mikononi mwa Ngala peke yake? Ni yeye Matano, barazani, kwa kupiga soga.

Abdurahman alitoka nje kumpokea, mrefu, kanzu safi, mikono amenyoosha.

"Karibu, ndugu yangu, karibu. Umenitupa. Haya, kengele ya Kibuyuni uliipata?"

"Haiko."

"Haiko? Basi wameniongopea. Pole sana." Alimwangalia Mwero aliyebaki garini. "Na huyu asiingie?"

"Ana kazi ya kulinda gari. Abdurahman, nimekuja kukusumbua. Nataka kuusikia ule utepe wetu wa mwaka jana. Wa Msambweni."

Uso wa Abdurahman haukubadilika, lakini mikono yake ilitafuta kazi, ikakunja mkeka ambao haukuhitaji kukunjwa. "Ule nimeufuta. Nilikosa utepe mtupu, nikanasa juu yake."

Kwa mtu mwingine lingekuwa jibu la kutosha. Lakini mtu huyu aliwahi kulala na njaa ili anunue utepe mpya asifute filimbi ya mashua. Matano alijua kwamba amedanganywa usoni, na alijua pia kwamba akimbana Abdurahman kama mhalifu hatapata kitu. Kulikuwa na njia moja, na njia hiyo ilikuwa chafu. Ilikuwa ni kumfanyia rafiki yake kile ambacho yeye alikwisha kufanyiwa.

"Si neno," alisema, akakaa kwenye baraza. "Nilitaka kujiliwaza tu. Unajua nimefikiri nini, Abdurahman? Tumepoteza miaka yetu. Vyote tulivyonavyo ni futari na majaribio. Hakuna hata kimoja kilicholia kwa sababu kweli kuna moto. Na kile cha juzi kimelia, cha kweli kabisa, na mimi niko Kibuyuni nauliza kengele. Kimepotea. Hatakisikia mtu tena."

Abdurahman alisimama na mkeka mkononi.  Uani kuku walikwaruza mchanga.

"Hakikupotea," alisema.

"Kimepotea."

"Matano." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na ndani yake mlikuwa na furaha ya mtu aliyekaa na kitu kizuri peke yake mpaka kikamwelemea. "Nilikuwa napita na gari. Bahati tu. Nilikuwa na mashine. Ningemsikilizisha nani mwingine kama si wewe? Nilikuwa nangoja mambo yapoe."

Aliingia ndani akatoka na mashine, akaiweka mezani kwa uangalifu wa mama anayelaza mtoto. Aliitia funguo. Utepe ukaanza kuzunguka.

Kwanza ulikuja mvumo wa moto, mbali kidogo. Halafu king'ora. Kilipanda bila kukwama, laini, kikafika juu na kukaa huko kikitetemeka, maana mkono uliokizungusha ulikuwa unatetemeka. Hapakuwa na mapumziko wala mpango. Kilikuwa kinalia kama mtu. Katikati ya mlio ilisikika sauti ya Ngala, imepasuka: "Moto! Njooni! Shutu! Shutu we, u wapi? Lete ndoo!"

Abdurahman alikuwa amefumba macho. "Sikia anavyokazana," alinong'ona. "Hapo. Hicho hakiigiziki."

Na Matano, Mungu amsamehe, kwa muda mfupi naye alifumba macho. Kisha upelelezi ukamrudia. Mtu aliyemfungia Shutu ghalani hawezi kumwita alete ndoo. Ngala alikuwa amepona, kwa maneno hayo mawili matatu, ndani ya utepe ulionaswa na mwenye hatia.

"Umenasa tangu kilipoanza," alisema taratibu. "Kabla Ngala hajakifikia. Moto unavuma, king'ora bado. Mtu anayepita kwa bahati angefikaje kabla?"

Abdurahman alifumbua macho.

"Mlio wa kwanza ulitoka kwenye gari lako," Matano aliendelea. "Mlio wetu. Wenye kigugumizi. Uliuchezesha ili watu watoke, ukavuka minazi na mashine begani, ukaliwasha ghala, ukangoja."

"Nilihakikisha wametoka." Abdurahman hakuinua sauti. "Elewa hilo. Ndiyo maana ya ule mlio wa kwanza, asiumie mtu. Ni mbata tu, magunia ya mbata. Kiwanda kitajenga ghala jingine. Nilitaka kimoja tu cha kweli, Matano. Kimoja kabla sijafa. Yule Shutu sikujua kama yumo. Wallahi sikujua. Nimelia kwa ajili yake."

Matano alimtazama, na moyo wake ukataka kumwamini. Ni mtu aliyekula naye, mtu ambaye yeye Matano alimshikia maikrofoni. Mtu mjinga, mwenye wazimu wa sauti, aliyefanya maovu bila kukusudia kuua. Hilo lilikuwa jambo ambalo angeweza kuishi nalo.

Utepe ulikuwa bado unazunguka. Chini ya king'ora ilianza kusikika sauti nyingine, ndogo, ya mapigo. Tatu, kimya, tatu tena.

"Nini hiyo?"

"Mabati. Yanapasuka kwa joto."

"Rudisha."

"Matano, utepe unaisha."

"Rudisha nimekwambia."

Abdurahman aliurudisha. Matano alisogeza sikio mpaka likagusa mashine, kama alivyofanya Jumapili nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha mwenyewe, akasikiliza tena.

"Maikrofoni uliishika mkononi?"

"Niliishika."

"King'ora kinafifia. Ngala hajachoka, sikia anavyoita, nguvu ni zile zile, lakini anakuwa mbali. Na mapigo yanakaribia." Aliinua kichwa. "Mabati hayatembei, Abdurahman. Wewe ndiye uliyekuwa unatembea. Ulikiacha king'ora ulichokichomea ghala, ukaenda kule kunakogongwa."

 Kwenye mashine mapigo yalikuwa makubwa sasa, ya mbao, ya kiganja kwenye mbao, na nyuma yake ilisikika pumzi ya mtu.

"Ulifika mlangoni," Matano alisema. "Komeo lilikuwa mbele ya uso wako."

"Pale," alisema Abdurahman, kwa sauti ya mtu anayemfafanulia mwenziwe jambo la kitaalamu, "pale sauti ilikuwa safi zaidi."

Matano aliizima mashine. Aliita, "Mwero," na sauti yake mwenyewe hakuitambua. Konstebo alipokuja na pingu, Abdurahman alinyoosha mikono bila ubishi, macho yake yakiwa kwenye utepe.

"Usiushike hapo katikati," alimwambia Matano. "Utaukata. Wewe unajua."

Matano alijua. Aliushika anavyotakiwa, pembeni, kwa vidole viwili, akauviringisha na kuufunga kwenye kitambaa chake. Aliona uchungu kwamba hata sasa mikono yake ilikuwa inafanya kama alivyofundishwa na mtu yule.

Alasiri ilikuwa inakwisha walipofika Msambweni. Alimwingiza Abdurahman kwa mlango wa mbele, akamwacha kwa sajini wa zamu, akapiga simu Kwale. Mkuu wa polisi alipiga kelele, kisha akauliza, kisha akasema mashine na utepe vipelekwe Mombasa pamoja na mshtakiwa mpya, na yule Mduruma arudi kwao.

Matano alikifungua chumba cha mahabusu mwenyewe. Alikaa kwenye benchi, kando ya Ngala.

"Kesho huendi Mombasa," alisema. "Utakwenda siku nyingine, kama shahidi. Leo uende nyumbani."

Ngala alifunika uso kwa viganja. Matano alimwacha alie.

"Wamempata?" Ngala aliuliza baadaye, akijipangusa kwa shati. "Aliyeliwasha?"

"Amepatikana."

"Alijua Shutu yumo ndani?"

Matano angeweza kusema kwamba hayo yataelezwa mahakamani. "Mwanzo hakujua. Baadaye alimsikia akigonga. Alisimama mlangoni na hakufungua."

"Ni nani mtu huyo?"

"Rafiki yangu," Matano alisema. "Yule niliyekuwa nikija naye. Na habari kwamba kiwanda hubaki na wewe peke yako, alizipata kwangu."

Ngala alimtazama kwa muda. Kisha aliinuka kwenye benchi, akaenda kusimama upande wa pili wa chumba, mgongo ukutani, akangoja Sajini atoke kwanza.